Mwalimu wa Umma Anapoachishwa Kazi: Nani Mwenye Mamlaka, Utaratibu Ni Upi na Rufaa Iende Wapi

Na Mwandishi Wetu, Dodoma

Barua ya kuachishwa kazi inapomfikia mwalimu wa shule ya Serikali, macho yake hukimbilia sababu iliyoandikwa. Mwanasheria akipewa barua hiyohiyo huanzia chini, penye saini na muhuri. Hutaka kujua nani ameitoa, kwa mamlaka ya sheria ipi, na mwalimu aliipokea tarehe gani. Mambo hayo matatu, pengine kuliko tuhuma yenyewe, ndiyo huamua iwapo mwalimu atarudi darasani au atabaki akizunguka ofisi moja hadi nyingine huku muda wa kudai haki yake ukimpita.

Makala haya yanahusu walimu wa shule za msingi na sekondari za umma Tanzania Bara. Zanzibar ina sheria na vyombo vyake vya utumishi, na walimu wa shule binafsi husimamiwa moja kwa moja na sheria za kazi. Tofauti hiyo ya mwisho ni muhimu kuliko inavyodhaniwa, kwa kuwa mwalimu wa umma anayefuata ushauri wa rafiki yake wa shule binafsi anaweza kupoteza haki yake yote bila ushahidi wake kusikilizwa hata siku moja.

Msingi wa jambo hili umo katika Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977. Ibara ya 36 inaweka mamlaka juu ya utumishi wa umma kwa Rais na kwa tume na vyombo vilivyoundwa na sheria kwa ajili ya ajira, upandishaji vyeo na nidhamu. Ibara ya 13(6)(a) nayo inamhakikishia kila mtu ambaye haki zake zinaamuliwa na chombo chochote kwamba atasikilizwa kikamilifu na atakuwa na njia ya kukata rufaa. Ibara hizi mbili husomwa pamoja: Serikali inayo mamlaka ya kumwondoa mtumishi, na mamlaka hayo hutumika kwa utaratibu.

Kwa mwalimu, chombo chenye mamlaka hayo ni Tume ya Utumishi wa Walimu, TSC, iliyoundwa kwa Sheria Na. 25 ya mwaka 2015, Sura ya 448, na kuanza kazi Julai 1, 2016. Kabla ya hapo masuala ya walimu yalishughulikiwa na Idara ya Utumishi wa Walimu iliyokuwa chini ya Tume ya Utumishi wa Umma. Wapo walimu wa zamani ambao bado hupeleka malalamiko yao kwenye Tume hiyo ya Utumishi wa Umma kwa mazoea, na huko huelekezwa kwingine baada ya siku kadhaa za thamani kupotea.

Jambo linalowachanganya wengi ni nafasi ya Mkurugenzi wa Halmashauri. Mkurugenzi ndiye mwajiri wa mwalimu kwa maana ya mshahara, kituo cha kazi na usimamizi wa kila siku. Hata hivyo, mamlaka ya nidhamu kwa makosa makubwa, yale yanayoweza kumfukuzisha mwalimu kazi, yako TSC kupitia ofisi yake ya wilaya. Mwalimu Mkuu wa shule ya msingi na Mkuu wa Shule ya sekondari ni mamlaka ya nidhamu kwa makosa madogo tu. Wanaweza kuonya na kukaripia, lakini hawafukuzi. Kwa hiyo barua ya kumfukuza mwalimu iliyotiwa saini na ofisi isiyo na mamlaka hayo ina kasoro tangu mwanzo, hata kama mwalimu mwenyewe anakiri kosa. Ni hivyohivyo kwa kauli inayotolewa jukwaani. Kiongozi anayesema mbele ya wananchi kwamba mwalimu fulani hana kazi kuanzia siku hiyo huenda ana sababu nzuri ya kukasirika, lakini kauli yake haiwezi kuwa zaidi ya taarifa kwa mamlaka ya nidhamu ili ianze kazi yake.

Kazi hiyo ina hatua ambazo Sheria ya Utumishi wa Umma, Sura ya 298, imezitaja bila kuficha. Kifungu cha 23 kinaelekeza kwamba mtumishi hatafukuzwa kazi isipokuwa ameandikiwa mashtaka ya nidhamu, amepewa fursa ya kutosha ya kuyajibu, na uchunguzi umefanyika kwa mujibu wa kanuni. Hatua moja ikirukwa, uamuzi hauna msingi. Hati ya mashtaka inapaswa kueleza kosa kwa namna ambayo mshtakiwa anaweza kulijibu: alifanya nini, lini, wapi, na kinyume cha kanuni ipi. Hati inayosema tu kwamba mwalimu ana "mwenendo usioridhisha" humweka mahali pagumu, kwa sababu mwenendo hauna tarehe, na mtu hawezi kujitetea dhidi ya jambo lisilo na tarehe.

Mwalimu aliyesimamishwa kazi kupisha uchunguzi hajafukuzwa. Kwa kawaida huendelea kulipwa nusu ya mshahara wake, na asipopatikana na hatia hurejeshewa kilichozuiliwa. Wala mwalimu ambaye jina lake limeondolewa kwenye orodha ya malipo hajafukuzwa kwa sababu hiyo pekee. Kusitisha mshahara ni hatua ya kiutawala ya kuzuia fedha za umma zisilipwe kwa mtu asiyeonekana kazini. Ajira yake inabaki hadi mamlaka ya nidhamu iamue. Kuna walimu waliokaa nyumbani miaka wakiamini wamekwisha kufukuzwa kwa sababu tu fedha hazikuingia benki, na kwa kukaa huko wakajiongezea kosa la utoro.

Utoro wenyewe unastahili maelezo zaidi, kwa maana TSC imekuwa ikiutaja mara kwa mara kuwa ndio unaoongoza miongoni mwa mashauri ya nidhamu ya walimu. Kanuni za utumishi huhesabu kutokuwapo kazini kwa zaidi ya siku tano, bila ruhusa au sababu za msingi, kuwa ni kosa kubwa ambalo adhabu yake inaweza kufikia kufukuzwa. Tuchukue mfano wa mwalimu wa kijijini anayepigiwa simu usiku kwamba mama yake amezidiwa. Anaondoka alfajiri na basi la kwanza, anauguza kwa siku nane, kisha anarudi na kukuta ameandikiwa. Mwalimu huyo hana ruhusa, lakini huenda anayo sababu ya msingi. Kinachomwokoa au kumwangusha ni kile alichokifanya ndani ya siku hizo nane: ujumbe wa simu kwa Mwalimu Mkuu, barua aliyoituma kwa mkono wa mwenzake, cheti cha hospitali chenye tarehe. Sheria haikumtaka amwache mama yake, ila inamtaka aweze kuonyesha alikokuwa na kwa nini.

Ugumu huongezeka pale tuhuma moja inapokuwa na njia mbili, ya jinai na ya nidhamu. Mwalimu akishtakiwa mahakamani kwa kosa linalomhusu mwanafunzi, kwa mfano, utaratibu wa utumishi umekuwa ni kusubiri shauri la jinai lifike mwisho kabla ya kumwadhibu kinidhamu kwa jambo lilelile. Akiachiwa huru mahakamani, hafukuzwi kwa shtaka hilohilo ambalo mahakama imemwona hana hatia. Lakini anaweza kuitwa kujibu makosa mengine ya mwenendo yanayotokana na tukio hilo, mathalani kukiuka maadili ya ualimu kwa kujenga ukaribu usiofaa na mwanafunzi. Wazazi hulalamika wakiona mwalimu aliyeachiwa na mahakama anaendelea kuchunguzwa, na wengine hulalamika wakiona anarudi shuleni. Pande zote mbili husahau kwamba mahakama ya jinai hupima ushahidi kwa kipimo kizito zaidi, ilhali mamlaka ya nidhamu hujiuliza swali jingine kabisa: je, mtu huyu anafaa kuendelea kuwa mwalimu?

Mwaka 2017 nchi ilishuhudia kuondolewa kwa watumishi wengi kwa mara moja. Aprili 28 mwaka huo, mjini Dodoma, Rais wa Awamu ya Tano, Dkt. John Pombe Magufuli, alipokea taarifa ya uhakiki wa vyeti vya kidato cha nne, kidato cha sita na ualimu, iliyobaini watumishi wa umma 9,932, wakiwamo walimu, waliokuwa na vyeti vya kughushi. Walitakiwa kuondoka kazini kabla ya Mei 15. Hoja ya kisheria iliyosimama nyuma ya hatua hiyo ni kwamba ajira iliyopatikana kwa udanganyifu haikuwa halali tangu siku ya kwanza, na kughushi ni kosa la jinai chini ya Kanuni ya Adhabu.

Lakini uhakiki wa karatasi za watu wengi kiasi hicho huwa na majina yanayofanana, namba za mtihani zilizokosewa na wanawake waliobadili majina baada ya kuolewa. Ndiyo maana waliopinga matokeo walipewa nafasi ya kukata rufaa, na baadhi yao vyeti vyao vilithibitika kuwa halali wakarejeshwa kazini. Kwa waliobaki, lilisalia swali la fedha walizokatwa kwenye mishahara kwa miaka yote waliyofundisha. Cheti kilikuwa cha uongo, ila makato yalikuwa ya kweli, na vipindi vilifundishwa. Mwishoni mwa mwaka 2022, chini ya Serikali ya Awamu ya Sita, ilitangazwa kwamba watumishi hao wangerejeshewa michango yao wenyewe waliyochangia katika mifuko ya hifadhi ya jamii. Sehemu iliyochangiwa na mwajiri haikuhusika. Uamuzi huo haukuhalalisha ajira zao, na kwa mtazamo wa mwandishi, ulikuwa wa haki: kosa la mtu linaadhibiwa kwa adhabu iliyowekwa na sheria, na akiba yake haikuwa sehemu ya adhabu hiyo.

Vipi kuhusu kupunguzwa kazi, yaani mwalimu kuondolewa bila kosa lolote kwa kuwa nafasi yake haihitajiki tena? Watumishi wenye umri mkubwa wanakumbuka miaka ya 1990, mageuzi ya utumishi yalipowaondoa maelfu kwa utaratibu huo. Kwa walimu wa leo jambo hili ni nadra, kwa sababu shule nyingi zina upungufu. Hata hivyo, ziada imewahi kutokea kwa upande wa masomo. Walimu wa sanaa katika shule za sekondari walipozidi mahitaji huku walimu wa sayansi na hisabati wakiwa wachache, Serikali mwaka 2017 iliamua kuwahamishia walimu wa ziada wa sanaa katika shule za msingi. Kisheria huo ulikuwa uhamisho, ajira zao zikaendelea. Mwalimu anayehamishwa kwa maslahi ya umma, tofauti na yule aliyeomba mwenyewe, anastahili malipo ya uhamisho.

Endapo upunguzaji wenyewe ungelazimika, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini Na. 6 ya mwaka 2004 inatoa kipimo katika kifungu cha 38. Mwajiri anatakiwa kutoa notisi ya kusudio lake, kueleza sababu, kisha kushauriana na chama cha wafanyakazi au wafanyakazi wenyewe kuhusu njia za kuepuka upunguzaji, vigezo vya kuwachagua watakaoondoka, wakati na malipo. Mashauriano hayo yanapaswa kutangulia uamuzi. Kuwaita walimu ukumbini kuwasomea majina ambayo yamekwisha kupitishwa hakuitwi kushauriana. Kifungu cha 42 cha sheria hiyo kinaweka kiinua mgongo cha mshahara wa msingi wa siku saba kwa kila mwaka uliotimia, kisichozidi miaka kumi, kwa aliyefanya kazi mfululizo angalau miezi kumi na miwili.

Ipo pia njia ya kuondolewa kwa manufaa ya umma. Kifungu cha 24 cha Sheria ya Utumishi wa Umma kinampa Rais mamlaka ya kumwondoa mtumishi yeyote akiona manufaa ya umma yanadai hivyo. Mamlaka hayo ni ya Rais, na ofisi ya chini haiwezi kuazima maneno ya kifungu hicho ili kukwepa kazi ya kuandaa hati ya mashtaka na kufanya uchunguzi.

Sasa tuje kwenye rufaa, mahali ambapo haki nyingi hupotea.

Mwalimu asiyeridhika na uamuzi wa TSC ngazi ya wilaya anakata rufaa kwa Tume yenyewe, makao makuu, Dodoma. Muda ni siku 45. Asiporidhika na uamuzi wa Tume, anakata rufaa kwa Rais, ambaye uamuzi wake ni wa mwisho ndani ya mfumo wa utumishi. Aliyechelewa anaweza kuomba kusikilizwa nje ya muda, lakini lazima atoe sababu zinazoeleweka kwa kila siku aliyochelewa. Tume inaweza kukubaliana na uamuzi wa wilaya, kuupunguza, kuufuta kabisa, au kuufuta na kuagiza shauri lianze upya. Hili la mwisho huwashangaza walimu wanaodhani wameshinda. Anayeshinda kwa sababu uchunguzi haukufanyika hajasafishwa kwa tuhuma. Amerudishwa mahali pale alipokuwa kabla utaratibu haujavunjwa, na safari hii mamlaka huenda ikafanya kazi yake sawasawa.

Wengi, badala ya kupita njia hiyo, hukimbilia Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA. Huko shauri la kuachishwa kazi hufunguliwa ndani ya siku 30, na kwa mfanyakazi wa kampuni au shule binafsi hiyo ndiyo njia sahihi. Kwa mtumishi wa umma mambo yalibadilika mwaka 2016, pale Sheria ya Utumishi wa Umma ilipoongezewa kifungu cha 32A, kinachomtaka mtumishi amalize kwanza nafuu zote zilizomo katika sheria hiyo kabla ya kutafuta nafuu za sheria za kazi.

Kwa miaka kadhaa kifungu hicho kilisomwa kwa namna tofauti na mawakili, wasuluhishi na hata majaji. Mwaka 2022 Mahakama ya Rufani ilitoa jibu katika Rufaa ya Madai Na. 12 ya mwaka huo, iliyomhusu Shirika la Posta Tanzania na mtumishi wake aliyeachishwa kazi. Mahakama ilisema CMA haikuwa na mamlaka ya kusikiliza mgogoro huo, kwa kuwa mtumishi wa umma alipaswa kupitia kwanza njia za Sheria ya Utumishi wa Umma, na mwenendo uliotangulia ukabatilishwa. Mahakama haikupima kama mtumishi alionewa au la. Hoja ya mamlaka ilimaliza kila kitu.

Hebu tumfikirie mwalimu aliyepokea barua yake mwezi Januari, akafungua shauri CMA mwezi Februari akiwa ndani ya siku 30, akahudhuria usuluhishi, akaleta mashahidi, na baada ya mwaka mmoja na nusu akaambiwa chombo hicho hakina mamlaka. Siku 45 za kukata rufaa TSC zilikwisha katikati ya Machi, wakati yeye akisubiri tarehe ya usuluhishi. Sasa anabaki kuomba aruhusiwe nje ya muda, na sababu aliyo nayo ni kwamba hakujua sheria. Kutojua sheria hakujawahi kuwa sababu nzuri mbele ya chombo chochote, ingawa mamlaka ya rufaa inaweza kuzingatia kwamba hakukaa kimya.

Uamuzi wa Rais kuwa wa mwisho hauna maana kwamba milango ya Mahakama imefungwa. Mahakama Kuu inaweza kuombwa kufanya mapitio: kuangalia kama aliyeamua alikuwa na mamlaka, kama mhusika alisikilizwa, kama sheria ilifuatwa. Haisikilizi upya ushahidi wa utoro au wa cheti. Maombi hayo huanza kwa kuomba kibali, ndani ya miezi sita tangu uamuzi unaolalamikiwa ulipotolewa.

Kwa mwalimu ambaye barua iko mkononi mwake leo, mambo ya kufanya ni machache na yote ni ya karatasi. Aandike juu ya bahasha au barua tarehe aliyoipokea, na kama kuna daftari la kumbukumbu ahakikishe tarehe aliyosainia ni ya kweli, kwa maana ndiyo itakayotumika kuhesabu siku 45. Atafute nakala ya hati ya mashtaka, utetezi wake na wito wa kufika mbele ya kamati ya uchunguzi. Kimojawapo kikikosekana kwa sababu hakikuwahi kutolewa, hiyo yenyewe ni hoja ya rufaa. Aende katika ofisi ya chama chake cha wafanyakazi ngazi ya wilaya mapema, si wiki ya mwisho. Rufaa aiandike kwa hoja za kisheria na tarehe, aambatishe barua anayoilalamikia, apeleke nakala kwa mamlaka ya nidhamu iliyoamua, na asiondoke kaunta bila nakala yake kugongwa muhuri wa mapokezi.